Ukimwona Mnyama, Mwandike: Mwongozo wa Kuanzisha Kikundi cha Watazamaji Nyanda za Juu Kusini

Wawindaji wa Kinyakyusa walioingia misitu ya Mlima Rungwe walimjua kipunji, kima wa misituni, kabla ya mtafiti yeyote. Walikuwa na jina lake. Watafiti wa shirika la uhifadhi la Wildlife Conservation Society waliokuwa wakifanya kazi huku walimsikia kwanza midomoni mwa watu hao, na walipomwona kwa macho yao ilikuwa mwaka 2003. Mwaka uliofuata watafiti wengine wakamkuta msitu wa Ndundulu, upande wa Udzungwa mkoani Iringa. Mwaka 2005 dunia ikatangaziwa, na mwaka 2006 wanasayansi wakaona hafanani na yeyote kiasi cha kumpa jenasi yake mwenyewe, yaani ukoo wa spishi za karibu, Rungwecebus, kutokana na mlima wetu. Tangu 1923 haikuwa imetangazwa jenasi mpya ya kima Afrika.

Kisa hiki nakisimulia kila ninapokaa na kikundi kipya, maana kinaondoa woga. Watu wengi wanadhani kutazama wanyama na kuandika ni kazi ya mtu mwenye shahada na darubini ya bei mbaya. Lakini kipunji hakufichwa na ukosefu wa wajuzi. Wajuzi walikuwepo, wakizungumza habari zake jikoni na kwenye pombe. Kilichokosekana ni mtu wa kuandika lini, wapi na nini, kisha akaifikisha habari hiyo panapohusika. Mwongozo huu ni wa yeyote anayetaka kuwa mtu huyo na kuwavuta wenzake: mwalimu, kijana wa bodaboda, mama anayechuma chai, mlinzi wa msitu, mstaafu aliyerudi kijijini.

Anza na wanaoamka mapema

Usianze kwa kubandika tangazo. Anza na watu watano ambao kazi zao tayari zinawatoa nje: mchunga ng'ombe, mchuma chai wa Rungwe au Mufindi, dereva wa bodaboda anayeshuka Tukuyu alfajiri, mwanafunzi anayetembea mbali, mwenye bustani ya viazi ukingoni mwa msitu. Watano wanatosha. Kikundi cha watu arobaini kinakufa kabla ya mvua za pili, kwa sababu hakuna anayeweza kuwajibu wote.

Namna unavyouliza ina uzito. Ukimwuliza mtu, "Umewahi kuona mnyama adimu?" atanyamaza, hajui adimu ni nani. Mwulize, "Mama, asubuhi ukienda shambani unasikia ndege gani?" Hapo utakaa saa nzima ukisikiliza. Nilimwuliza hivyo mama mmoja jirani yangu, akaanza kuniigizia milio mmoja baada ya mwingine huku anamenya ndizi, na kila mlio akanipa na habari yake: huyu analia mvua ikikaribia, huyu analia nyoka akiwa karibu, huyu siku hizi simsikii tena tangu miti ya kule bondeni ikatwe. Hiyo sentensi ya mwisho ina thamani kubwa, na hakuna aliyewahi kumwomba.

Kwa wazee waliowahi kuwinda, nenda kwa adabu na kwa ukweli. Kuwinda bila kibali ni kosa kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na mzee anajua. Mwambie wazi kwamba hujaja kuchunguza ya zamani, umekuja kujifunza. Usiandike jina lake pasipo ruhusa yake. Ukivunja ahadi hiyo mara moja, milango yote ya kijiji imefungwa.

Daftari kwanza, simu baadaye

Mpe kila mtu daftari dogo linaloingia mfukoni na penseli. Penseli, kwa sababu Rungwe mvua hainyeshi kwa ratiba, na wino ukilowa unakwenda nao ushahidi. Kila taarifa iwe na mambo manne: nini, lini, wapi, nani aliyeona. La tano likiwezekana, ulijuaje: ulimwona, ulimsikia, au uliona nyayo, kinyesi, manyoya, shimo.

Ukurasa mzuri unasomeka hivi:

*14 Novemba. Saa 1:20 asubuhi. Njia ya maji chini ya shule, karibu na mparachichi mkubwa. Mbayuwayu 6, wanaruka chini chini juu ya nyasi. Koo jekundu, tumbo jeupe. Mvua imekata sasa hivi.*

Mistari mitatu tu, na mtu aliye mbali anaweza kuitumia miaka hamsini ijayo. Mimi nilianza vibaya. Nina daftari la misimu miwili limejaa "juzi", "wakati wa kupalilia", "kule kwa mzee". Nililiandika kwa moyo wote, na leo siwezi kutoa humo hata taarifa moja ya kumkabidhi mtu. Mwezi uandike kwa jina lake: "3 Mei", si "3/5", kwa kuwa ziko programu zinazosoma mwezi kwanza na siku baadaye.

Sasa saa. Hapa ndipo taarifa zetu nyingi zinapoharibika. Sisi tunahesabu saa kutoka jua linapochomoza, programu za simu zinahesabu kutoka usiku wa manane. Mwenzetu mmoja aliandika "bundi, saa 2 usiku", na aliyeingiza kwenye programu akaweka 02:00. Bundi yule alilia saa mbili ya usiku, yaani 20:00, watu wakiwa bado mezani. Tofauti ya saa sita inamfanya ndege wa mchana kuwa wa usiku. Kanuni yetu sasa ni moja: kwenye daftari andika saa ya Kiswahili na neno lake, asubuhi, mchana, jioni au usiku, na mtu mmoja tu ndiye anayegeuza. Saa 1 asubuhi ni 07:00. Saa 12 jioni ni 18:00. Yaandike haya ndani ya jalada la kila daftari.

Dalili zisidharauliwe. Mwaka 1991, watafiti waliokuwa kambini Udzungwa waliona miguu miwili ya ndege ndani ya sufuria ya mboga. Haikufanana na miguu ya kwale waliyemjua. Wakafuatilia, na ndivyo alivyopatikana kwale wa msitu wa Udzungwa, ndege ambaye jamaa zake wa karibu wako Asia. Miguu ndani ya sufuria! Basi nyayo kwenye tope, mwiba wa nungunungu, au fungo aliyegongwa na gari barabara kuu ya Mbeya, vyote ni taarifa kamili. Mnyama aliyekufa mpige picha tu. Usimshike kwa mikono mitupu wala usimfungue. Kimeta na kichaa cha mbwa vipo.

Picha inayosaidia

Picha nzuri kwa kazi hii si lazima iwe ya kupendeza. Ni ile inayomwezesha mtu mwingine kumtambua kiumbe. Ndege akiwa mbali, piga hata kama ni doa, halafu sogea, piga tena. Nyayo ziwekee kitu kinachojulikana ukubwa wake, sarafu au penseli, na piga ukiwa umesimama wima juu yake. Ua lipige uso wake, kisha upande, kisha majani. Wengi hupiga ua peke yake na majani ndiyo yanayotofautisha.

Chukua mfano wa kinyonga. Milima ya Poroto, ikiwemo misitu ya kuzunguka Ziwa Ngosi, ina kinyonga mwenye pembe tatu, jina lake la kisayansi Trioceros fuelleborni. Usiku vinyonga hulala kwenye ncha za matawi na rangi yao hupauka, kwa hiyo ukimulika tochi taratibu kwenye vichaka, anang'aa kama jani lililokauka. Niliwahi kusimama mbele ya mmoja usawa wa macho yangu. Mkia ulikuwa umejikunja kama kamba ya ndoo, vidole vimebana kijiti viwili huku vitatu kule, jicho moja likafunguka kidogo na kuzunguka kunitazama huku mwili wote haujatikisika. Piga ubavu mzima, kisha kichwa kwa upande pembe zionekane, kisha ondoka. Usimshike, usimgeuze, usikate tawi. Wengi wetu tumekuzwa tukimwogopa kinyonga, kuna hata anayekimbia akimwona. Usimlazimishe mtu wa namna hiyo. Mwonyeshe picha yako kwanza, siku nyingine atakuja mwenyewe.

Jina usilolijua usilibuni

Kosa kubwa la mgeni ni kutaka kila kitu kiwe na jina siku ileile. Andika ulichokiona. "Kima mrefu wa manyoya ya kahawia, nywele zimesimama utosini, uso mweusi, tumbo na mkia vimepauka" ni maelezo yanayomlenga kipunji. "Mweusi mwenye manyoya meupe marefu mabegani" huyo ni mbega. Ukiandika "nyani" tu, umetupa vyote viwili, na nyani mwenyewe, yule anayesubiri ndizi za abiria mlima Kitonga, ni mwingine kabisa.

Jina la lugha ya nyumbani liandike kama lilivyotamkwa, na lugha yenyewe uitaje: Kinyakyusa, Kisafwa, Kikinga, Kihehe, Kibena. Usilitafsiri hapo hapo. Jina moja vijiji viwili linaweza kuwa la wanyama wawili, na hilo utaligundua tu ukiwa umeyaandika yote na kuyalinganisha na picha.

Kufikisha taarifa

Daftari likibaki kabatini, tumerudi kwa kipunji kabla ya 2003. Njia ni kadhaa. iNaturalist inapokea kiumbe chochote, mmea, mdudu, uyoga; unaweka picha au sauti, tarehe na mahali, halafu watu wengine wanakusaidia jina. Zaidi ya theluthi mbili yao wakikubaliana juu ya spishi, taarifa hupanda daraja na inaweza kuingia kwenye hifadhidata ya kimataifa ya GBIF, ambako mtafiti yeyote anaichukua. eBird ni ya ndege, nayo inapenda orodha nzima: umeanza saa ngapi, umetembea umbali gani, umeona nani na wangapi. Orodha kamili ina siri moja. Ndege asiyekuwemo naye anahesabika, kwa sababu mtafiti anajua ulikuwepo, ulitazama, na hukumwona. Kwa hapa nyumbani ipo Atlasi ya Ndege wa Tanzania, iliyokusanya taarifa kwa miongo kadhaa, na iko TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori.

Lakini wanachama wako wengi wana kitochi, na wenye simujanja hawana bando kila siku. Kwetu kazi hii anaifanya karani. Watu wanaleta daftari au wanatuma kwenye kundi la WhatsApp, na karani anaingiza jioni moja kwa wiki mahali penye mtandao. Karani ajue jambo hili, lilitugharimu: picha inayotumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupoteza kumbukumbu ya mahali na saa ilipopigwa. Karani akiipakia hivyo hivyo, anaweza kumweka ndege wa Makete sebuleni kwake Uyole. Kila picha iambatane na maandishi ya mahali na muda, au itumwe kama faili. Na kabla ya matembezi kila mtu aangalie kama tarehe ya simu yake ni sahihi. Simu ikiishiwa chaji kabisa, nyingine hurudi miaka ya nyuma.

Yasiyotangazwa

Sehemu hii naomba uisome mara mbili.

Uwanda wa Kitulo, ule watu wanaouita Bustani ya Mungu, ulifanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005, ya kwanza katika Afrika ya tropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya mimea yake. Una aina zaidi ya 40 za okidi. Chini ya baadhi ya okidi hizo kuna viazi vidogo, na viazi hivyo vinachimbwa na kuvushwa kwenda Zambia, ambako hutwangwa na karanga kutengeneza chikanda. Ukiking'oa kiazi, mmea umekwisha. Sasa fikiria kijana mwenye nia njema anapiga picha ya bonde zima la okidi, anaiweka mtandaoni na pini ya mahali kamili. Amemchorea mchimbaji ramani.

Vivyo hivyo kakakuona, vinyonga wanaotafutwa na wafanyabiashara, viota vya ndege wakubwa, na kipunji mwenyewe. Kwenye iNaturalist kuna sehemu ya kuficha mahali. Ukiichagua, umma unaona eneo pana la takribani kilomita 22 kwa 22 badala ya nukta yako. Spishi nyingi zilizo hatarini hufichwa zenyewe, lakini usiitegemee mashine. Ficha kwa mkono. Na ukiwa umeficha okidi, usiweke picha ya kipepeo uliyempiga dakika mbili baadaye palepale bila kuificha, kwa maana msomaji makini ataunganisha. Daftarini andika mahali kamili, daftari likae kwa karani. Ukikuta mtego, shimo la uchimbaji au mnyama aliyejeruhiwa, hiyo si taarifa ya kundi la WhatsApp. Mpelekee habari mtu anayehusika, askari wa TANAPA ndani ya hifadhi ya taifa, TFS, wakala wa misitu, kwenye misitu yao, au ofisa wanyamapori wa wilaya, na usimkabili mtu peke yako.

Kuhusu ruhusa ni fupi: hifadhi ya taifa ina kiingilio, hifadhi za misitu zina utaratibu wao, ulizeni kwanza. Taarifa nyingi nzuri zinatoka nje ya mipaka hiyo, kwenye mashamba, mito na makaburi ya zamani yenye miti ambayo haikuguswa.

Kumfanya mtu aendelee

Nimeona vikundi vikianza kwa shangwe na kufa kimya, na sababu ni ileile kila mara. Mtu analeta taarifa, hakuna anayemjibu. Analeta ya pili. Ya tatu haleti. Mchuma chai aliyesimama kwenye baridi ya saa kumi na mbili kumhesabu ndege hajaomba pesa; anataka kujua kama ndege wake amefika mahali.

Basi jibu kila taarifa ndani ya wiki, hata kwa neno moja, "ndaga fijo", yaani asante sana, "nimeandika." Jina likithibitishwa, mpelekee yeye kwanza kabla ya kulitaja mbele za watu. Akikosea, mwambie pembeni, na mwonyeshe alama iliyomtofautisha mnyama, ili wiki ijayo aione mwenyewe. Mtu aliyesahihishwa hadharani mbele ya vijana hatarudi, na utakuwa umempoteza mtu mwenye macho.

Usilipe kwa kila taarifa. Tulishawishika kufanya hivyo, nashukuru tuliacha mapema: ukinunua chui, utaletewa chui kila Jumamosi. Chai na mihogo ya kuchemsha siku ya kukutana vinatosha, na daftari jipya, lile la zamani likijaa.

Mara moja kwa mwezi someni taarifa kwa sauti. Chagueni mahali watu wanapokuwepo tayari, baada ya ibada, kwenye kilabu cha shule, au kivulini mnadani. Someni kwa jina la aliyeona, kama ameridhia. Someni na zile zinazosema "nimetembea saa mbili, sikuona kitu," kwa sababu mtu huyo ametembea saa mbili. Kwenye bango chora ramani ya kijiji kwa mkono, mto, shule, msitu, na kila mtoto aliyeona kitu aje abandike karatasi yake mahali pake. Ramani zetu zina karatasi nyingi kandokando ya barabara na nafasi tupu kule juu. Zile nafasi tupu ndizo zinazowafanya watu wapange safari.

Kipeni kikundi swali moja la msimu, dogo, linalojibika. Letu ni mbayuwayu. Kuna yule wa koo jekundu na tumbo jeupe anayetoka Ulaya, na kuna mbayuwayu wa buluu, ambaye mwili wote ni wa giza linalong'aa na mkia una nyuzi mbili ndefu. Huyu wa pili yuko hatarini duniani. Anapitisha miezi ya baridi pande za Ziwa Victoria na anakuja kutaga kwenye nyasi za milima kama za Kitulo mvua zinapokaribia, akijenga kiota ndani ya mashimo ya ardhini, hata yale yaliyochimbwa na muhanga. Tunaloliuliza ni hili tu: mwaka huu umemwona kwanza lini, na wa mwisho lini?

Anzeni kutazama juu kuanzia katikati ya Septemba. Mchunga ng'ombe mmoja wa kikundi chetu, ambaye hana simu kabisa, hukata alama kwenye fimbo yake kila siku tangu amwone wa kwanza, na siku ya kukutana anampa karani fimbo ahesabu kurudi nyuma.